Chumba Kisichokuwa na Duane

Kijiwe chetu kiko nyuma ya jengo, upande wa kupakulia mizigo, mahali ambapo upepo wa ziwa haujui adabu. Ni benchi moja refu lililotupwa na kanisa la Kilutheri lilipobadilisha viti, tukalileta kwa gari la Lowell, na tangu hapo mapumziko ya saa nne asubuhi hayakosi watu, iwe jua iwe theluji. Kazi yetu ni kupokea oda za tanuru za kupasha nyumba joto, tunawauzia mafundi wa Minnesota nzima kutoka hapa Duluth. Kahawa tunaipika nyepesi mpaka unaona chini ya kikombe, na kila mtu anaisifu, maana kwetu ukikosoa kahawa ya mwenzako inabidi uhame mji. Jumatatu ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa nne, theluji ya mwisho imebaki pembeni nyeusi tii, na sisi wanne tulifika benchini mapema kuliko kawaida, bila kuitana.

Lowell Gustafson ndiye Profesa. Hakusoma kutuzidi, ila anatazama vipindi vya siri za dunia mpaka usingizi unamkataa. Jolene Beaulieu tunamwita Tosha, kwa sababu ukimkaribisha kitu anasema imetosha, imetosha, halafu anachukua viwili. Ardis Halvorson ni Rula: mgongo umenyooka, maneno yamenyooka, na oda ikipinda kidogo anaiona akiwa mlangoni. Mimi naitwa Redio na sitaki maswali.

Rula alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, hanywi.

Chanzo kilikuwa Barazani. Hilo ndilo jina tulilolipa ile programu ya kazini tunamoandikiana siku nzima ilhali tumekaa meza kwa meza. Ina vyumba: chumba cha oda, chumba cha malalamiko, chumba cha chakula cha mchana. Ukitaka kumtoa mtu chumbani unaweza, lakini programu inatangaza kwa wote: Fulani amemwondoa Fulani. Sasa niambie, Mminnesota gani atathubutu? Bora ulale nje Januari. Kwa hiyo tukajitungia ustaarabu wetu. Hatumtoi mtu. Tunanakili chumba kizima, tunaliacha jina moja bila tiki, chumba kipya kinaanza kimyakimya, na aliyeachwa anabaki kwenye kile cha zamani akidhani watu wameishiwa maneno.

Asubuhi hiyo kila mmoja alifungua kompyuta akakuta tangazo la wenye programu. Kwa upole mwingi walisema kumegundulika hitilafu. Chumba kikinakiliwa, kilikuwa kinarithi funguo za kile cha zamani. Aliyeachwa bila tiki, jina lake halikuonekana tena kwa wenzake, lakini kwake mlango ulibaki wazi, na aliweza kusoma kila neno. Wakasema wameshaziba. Wakamshukuru mfanyakazi mmoja wa kampuni yetu aliyewataarifu, hawakumtaja.

Profesa: Mimi nilishasema.

Tosha: Ulisema nini, Lowell?

Profesa: Nilisema kitu kitatokea.

Tosha: Kila Jumatatu unasema kitu kitatokea.

Profesa: Na leo ni siku gani?

Mimi: Hebu tuelewane kwanza. Yaani ukimwacha mtu nje, anakuwa ndani?

Tosha: Ndani kabisa! Amekaa kwenye kochi, anakusikiliza, wewe humwoni.

Profesa: Halafu wanaita hitilafu. Hitilafu gani hiyo? Hiyo imepangwa, bwana. Wale jamaa wamefanya utafiti. Wamegundua watu hawasomi. Wewe Redio, chumba cha usalama kazini umekisoma lini mara ya mwisho?

Mimi: Tuna chumba cha usalama kazini?

Profesa: Umeona? Aliyealikwa hasomi. Lakini mwache mtu nje uone! Anasoma mpaka nukta. Kwa hiyo wakaamua wasomaji wao wawe wale walioachwa. Biashara hiyo.

Tosha: Acha uongo. Tatizo si wenye programu, tatizo ni wageni. Mnamkumbuka yule mpiga picha wa pikiniki?

Mimi: Pikiniki ipi?

Tosha: Ile ya mvua, ya miaka hiyo, hema liliporuka. Tulimwingiza Barazani kama mgeni ili atutumie picha. Siku moja tu. Nimeangalia leo asubuhi, yumo bado. Yumo kwenye oda, yumo kwenye malalamiko, yumo mpaka kwenye mipango ya mauzo.

Mimi: Hakuna aliyemtoa?

Tosha: Ungemtoa wewe? Itangazwe kwa wote kwamba Redio amemwondoa mpiga picha? Mtu mwenyewe mpole vile!

Mimi: Ngoja. Anaitwa Wendell?

Tosha: Wendell huyohuyo.

Mimi: Si ndiye anayetutakia heri ya siku ya kuzaliwa kila mwaka?

Tosha: Ndiye!

Mimi: Nilidhani Wendell ni wa uhasibu! Nilimpelekea kadi ya Krismasi uhasibu!

Profesa: Sasa mnaanza kuniamini. Na hamjafika popote. Ile mashine ya vinywaji pale koridoni, mnajua nayo imeunganishwa Barazani? Ili itoe taarifa ikiishiwa. Nayo ina jina, ina picha, ni mwanachama kama wewe. Inasoma. Nani kati yenu aliandika kwamba chai yake ina ladha ya kamba?

Tosha: Mimi.

Profesa: Na ni nani anayepewa chai ya baridi kila siku?

Nilimwona Tosha anahesabu chai zake moyoni. Hapo ndipo Profesa alipojisahau, akanogewa, akauliza jambo ambalo hakupaswa kuuliza.

Profesa: Kwa mfano kile chumba cha chakula. Mbona kilikufa? Zamani tulikuwa tunaandikiana kila siku, nani ameleta nini, nani anaagiza pitsa. Sasa hivi niko humo peke yangu na Wendell.

Mimi nikaitazama theluji. Ukweli ni kwamba kulikuwa na Chakula, kikanakiliwa kikawa Chakula Kipya, kikanakiliwa kikawa Chakula Halisi, na sababu ya nakala ya mwisho ilikuwa samaki wa siki wa Lowell, ambaye anamla saa tano asubuhi karibu na feni.

Profesa: Jamani. Kuna chumba kingine?

Tosha: Kidogo.

Profesa: Kidogo vipi? Ina maana nilikuwa naweza kusoma wiki zote hizi na mimi sikujua? Mimi, Lowell! Nyumbani nina antena tatu!

Mimi: Usiumie. Ni samaki tu. Wewe mwenyewe tunakupenda.

Profesa: Ningalimla nje! Mngeniambia tu!

Tosha: Tungekuambia vipi, Lowell? Kwa mdomo?

Tulicheka, na Profesa mwenyewe akacheka baadaye kidogo, maana hana kinyongo kinachozidi dakika mbili. Rula hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe chake kwenye viganja.

Rula: Na Duane je?

Tosha akaacha kucheka, akatazama mlango.

Duane Kivela ndiye mtu wa tano wa kijiwe. Tunamwita Kimya, na huo ndio wasifu wake wote. Meza yake na ya Rula zimegusana tangu wote wawili wana nywele za kahawia. Mkewe, Phyllis, alifariki kabla ya Krismasi. Duane akarudi kazini baada ya mazishi akiwa amenyoa ndevu, amefunga tai, lakini mwenyewe hayumo ndani. Tukafanya tunavyofanya watu wa hapa. Tulimpelekea mabakuli ya hotdishi, nyama ya kusaga chini na viazi vya kukaanga juu, mpaka friji yake ikakataa kufunga. Tulimwambia unaendelea vizuri, Duane. Na tukanakili chumba cha oda, tukaliacha jina lake bila tiki, tukakiita Kumsaidia Duane, ili tupange nani amshikie kazi ipi bila yeye kuona aibu.

Mimi: Mle tulikuwa tunapanga msaada tu, Ardis. Akisoma atashukuru.

Rula: Nyinyi mlikuwa mnapanga msaada. Mimi niliandika.

Tosha: Uliandika nini hasa? Mimi sikumbuki.

Rula: Mimi nakumbuka. Niliandika nimechoka. Niliandika kila oda ya Duane naifanya upya, kwamba tanuru za Bemidji amezipeleka Brainerd, na za Brainerd hajui ziko wapi. Niliandika mtu huyu hayupo, ni koti tu limekaa kwenye kiti, na kuna mtu amwambie aende nyumbani maana mimi siwezi tena.

Profesa: Hiyo si mbaya. Ilikuwa kweli.

Rula: Sijamaliza. Niliandika kwamba Phyllis ndiye aliyekuwa akimkumbusha hata kuvaa soksi zinazofanana, na sasa mimi nimerithi kazi ya Phyllis bila pete.

Nilikumbuka kwamba niliyasoma maneno yale Januari, na nilicheka, na nikaweka alama ya kucheka. Tosha naye nafikiri aliweka. Utani wa namna ile unaweza kuusema ukiwa umechoka, mbele ya watu wanaojua kwamba unampenda mtu. Lakini fikiria mjane wa kiume, usiku wa baridi, anausoma peke yake.

Rula: Tumekaa pamoja maisha yetu yote yule mtu na mimi. Hajawahi kunikosea. Leo asubuhi amenisalimia kama kawaida, "Habari, Ardis," na mimi nimeshindwa kumtazama. Kama alisoma, nimempoteza. Yeye ni muungwana, hatasema. Ataendelea kunisalimia hivyohivyo mpaka astaafu, na mimi sitajua.

Profesa: Huenda hakusoma. Mtu mwenyewe kompyuta anaigusa kama inaungua.

Rula: Huenda. Hilo huenda ndilo linaloniua.

Wakati huo mlango ukafunguliwa, akatoka Nadine Ferrante. Nadine ametoka New Jersey, kwa watu wasiozunguka maneno, alikuwa na wiki mbili tu nasi, na hatukuwa tumempa jina kwa sababu tulikuwa bado tunamwogopa. Alikuwa ametukuta kwenye maneno ya mwisho.

Nadine: Nani hakusoma nini?

Tosha akamweleza haraka haraka, kwa sauti ya chini, na Rula akaacha aelezwe. Nadine akasikiliza mpaka mwisho, akavuta kofia masikioni.

Nadine: Sasa si mumuulize?

Profesa: Tumuulize nani?

Nadine: Duane. Mnamwita, mnamwambia, bwana, ulisoma au hukusoma? Anajibu. Mnarudi kazini.

Tosha: Hivihivi?

Nadine: Kwani mnafanyaje?

Mimi: Kwa kawaida tunasubiri mmoja wetu afe.

Nadine alidhani natania. Kabla sijamsahihisha, mlango ukafunguka tena na Duane akatoka, mrefu, ameinama kidogo kama kawaida yake, kofia ya masikio kichwani. Akasimama mbele ya benchi. Tukasogea. Kwa bahati mbaya nafasi iliyopatikana ilikuwa pembeni ya Rula.

Tosha: Kahawa, Duane?

Duane: Ah, hapana, msijisumbue.

Tosha: Ipo nyingi.

Duane: Basi labda tone.

Tosha akamjazia mpaka juu. Tukanywa.

Profesa: Upepo umepungua.

Duane: Umepungua.

Mimi: Jana ulikuwa mkali zaidi.

Duane: Zaidi kidogo, ndiyo.

Nadine alikuwa anatutazama mmoja mmoja, macho yanazidi kutoka. Nilijua anachotaka kufanya. Nikajaribu kumkanyaga mguu, nikakanyaga wa Profesa.

Nadine: Duane, kile chumba cha Kumsaidia Duane, ulikisoma?

Tosha akajimwagia kahawa kwenye kiatu. Profesa ghafla alipata jambo la maana la kutazama angani. Rula hakusogeza hata kope.

Duane: Nilikisoma.

Rula: Chote?

Duane: Chote. Tangu Januari.

Rula: Na ile ya koti?

Duane: Na ya soksi pia.

Rula: Duane, mimi sina la kusema. Sina kabisa. Nilikuwa...

Duane: Subiri, Ardis. Unisamehe. Nimeshaanza, na nikinyamaza sasa hivi sitaanza tena.

Sijawahi kumsikia Duane akimkata mtu maneno. Alikiweka kikombe chini, katikati ya viatu vyake.

Duane: Kulikuwa na fundi wa Bemidji. Alinipigia anafoka, kuna nyumba ina watoto na tanuru haijafika. Nikaingia Barazani, pale juu penye kutafuta nikaandika Bemidji. Ikaja oda. Chini ya oda yakaja maneno yako.

Tosha: Kuna mahali pa kutafuta?

Mimi: Mimi nikitaka kitu namuuliza Ardis.

Profesa: Kila mtu anamuuliza Ardis.

Duane: Mimi nilikuwa naona aibu kumuuliza tena. Basi nikasoma. Nikarudi juu, nikasoma tangu mwanzo.

Rula: Mungu wangu.

Duane: Nisikilize. Wakati ule kila mtu alikuwa ananiambia ninaendelea vizuri. Mchungaji, dada yangu, wewe Lowell, wewe Jolene. Naanguka, mnaniletea hotdishi. Naingia kwenye gari sijui naenda wapi, mtu ananipungia mkono, Duane, unaendelea vizuri! Nikaanza kufikiri labda kweli ninaendelea vizuri. Labda hivi ndivyo kulivyo, na nitabaki hivi. Hilo lilinitisha kuliko mazishi.

Tosha: Hatukujua, Duane.

Duane: Mlijua. Mlikuwa wapole. Halafu nikamkuta Ardis ameandika mtu huyu hayupo. Nikakaa. Nikasema ahsante, kuna mtu ameniona. Kuna mtu anajua sipo. Basi nikalala usiku kucha, mara ya kwanza.

Rula alikuwa amefunika mdomo kwa glavu.

Rula: Na soksi?

Duane: Nilicheka. Nilikuwa jikoni, nikacheka mpaka mbwa akaamka akaja kuniangalia. Phyllis angecheka kunishinda. Alikuwa anaziunganisha kwa pini, unajua, nisije nikakosea.

Rula akatoa sauti ambayo ilianza kuwa kicheko ikaishia pengine. Machozi yakamtoka waziwazi, mbele ya wote, na hakusingizia upepo. Mimi nilijisikia jiwe limetoka kifuani, na si mimi niliyekuwa nalo. Profesa alikuwa anapenga kamasi kwa nguvu.

Duane: Nikawa nakusoma kila jioni. Umeandika nimekosea wapi, kesho yake naanzia hapo.

Rula: Februari oda zako zilinyooka. Niliwaambia hawa, Duane amepona.

Duane: Nilikuwa nafuata maelekezo.

Rula: Na kwa nini hukuniambia? Miezi yote hii! Tumekaa meza kwa meza!

Duane: Ningeanzaje, Ardis? Sikualikwa.

Profesa: Hilo nalo kweli.

Tosha: Huwezi kuingia tu kwenye chumba cha watu.

Nadine: Nyinyi watu mtaniua. Mtaniua kabla ya kiangazi.

Tukacheka wote, Duane naye, kwa mabega tu kama anavyocheka. Tosha akazungusha sahani ya vipande vya keki ya limau. Akajikaribisha mwenyewe, akajikataza, akachukua viwili. Rula alikula cha kwanza tangu asubuhi. Kila mtu alikuwa anavuta pumzi ndefu, na nilidhani tumemaliza, ila Nadine ni mtu asiyejua kuacha jambo likiwa limelala.

Nadine: Lakini kuna kitu kimoja. Aliyewataarifu wenye programu ni nani?

Profesa: Mimi nina jibu. Ni ile mashine ya vinywaji. Imejutia.

Tosha: Ni Wendell. Amechoka kututakia heri.

Profesa: Au kuna mtu jimbo jirani, Wisconsin, anatusoma, akaona maisha yetu hayana kitu, akatuonea huruma.

Duane: Ni mimi.

Mimi: Wewe?

Duane: Niliwaandikia Ijumaa. Walijibu haraka. Watu wazuri.

Nadine: Sasa hapo umenipoteza. Chumba kilikuwa kinakusaidia, umesema mwenyewe. Umekaa nacho majira yote ya baridi bila kumwambia mtu. Na ulijua ukisema tu, kila mmoja atajua kwamba ulikuwa unasoma. Kwa nini usubiri mpaka Ijumaa?

Duane akaokota kikombe chake. Wekundu ulimpanda kutoka kwenye skafu, ukapita kidevuni, ukafika masikioni.

Duane: Ijumaa nilinakili chumba.

Tosha: Wewe, Duane? Kunakili?

Duane: Kuna mtu ilibidi nimwache nje kwa muda. Nikaondoa tiki. Halafu ndipo nikakumbuka kwamba huyo mtu, kama mimi, anaweza kukisoma.

Profesa: Ni mimi. Semeni tu. Ni samaki tena.

Duane hakujibu. Mimi nikatoa simu, Tosha akatoa yake. Mialiko ya Barazani huwa tunaiacha mpaka iote ukungu, lakini ulikuwepo kweli, wa Ijumaa jioni, kutoka kwa Duane Kivela, ambaye tangu programu ianze hajawahi kuandika zaidi ya "sawa." Humo aliandika: "Rafiki zangu. Majira yote ya baridi kuna mtu alibeba meza mbili, yake na yangu, na hakunisema mbele ya bosi hata mara moja. Nataka tumshukuru vizuri. Jumamosi ijayo jioni, ukumbi wa kanisa. Nitapika mimi. Tafadhali asijue."

Nikaupitia tena, herufi zikawa zinacheza. Profesa alikuwa ameinama juu ya bega langu anasoma kwa midomo, akafungua kinywa, na Tosha akamfinya paja kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Nadine alikuwa amekisoma chumba kile asubuhi na mapema, kwa sababu mgeni kazini husoma kila kitu. Lakini alikisoma kama mgeni, hakujua ni nani aliyebeba meza mbili. Sasa alikuwa anapitisha kidole kwenye majina, jina kwa jina, na sote tukaona linakuja, na hakuna aliyewahi kumfikia.

Nadine: Oda nzima tumo. Mpaka Wendell yumo. Mbona Ardis hayumo?

Duane alitazama ndani ya kikombe. Profesa akasema upepo umeongezeka. Tosha akasema umeongezeka. Nadine alikuwa wa mwisho kuelewa, nikaona mkono wake unapanda taratibu kufunika mdomo.

Rula alitutazama mmoja mmoja, kuanzia kwangu mpaka kwa Duane. Alichukua muda wake. Mwanamke yule huona oda iliyopinda akiwa mlangoni, sembuse watu watano wanaotazama ardhi. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu asubuhi, ulifunguka wote, akawa msichana kidogo.

Akachukua chupa ya kahawa, akainamisha yote iliyobaki kwenye kikombe cha Duane. Haikufika nusu.

Rula: Kahawa imekwisha. Nina oda za kupitia.

Kwetu hakuna mtu anayeondoka tu. Kuaga kunaanzia kwenye kujipiga viganja magotini, kunapitia habari za barabara na za binamu, kunafika mlangoni na kusimama hapo mpaka miguu ife ganzi. Rula hakufanya hata kimoja. Alisimama, akakung'uta makombo ya keki, akatugeuzia mgongo, akaenda zake. Alipoingia ndani aliufunga mlango nyuma yake, akausukuma mara ya pili kuhakikisha umeshika, ili tuweze kuongea.